Haidrojeni: Kasi ya Kuitoa Ndiyo Mtihani

Kila haidrojeni inapotajwa kuwa nishati safi, tunaambiwa ni kiasi gani kinaweza kuhifadhiwa. Tuulize pia: inatoka kwa kasi gani, na kwa joto gani?

Njia moja ya kuihifadhi ni ndani ya metali. Haidraidi ya magnesiamu, yaani magnesiamu iliyoungana na haidrojeni, hubeba haidrojeni asilimia 7.6 ya uzito wake, lakini huing'ang'ania hadi ipashwe joto la nyuzi karibu 300 za Selsiasi. Aloi ya lanthani na nikeli huiachia hata kwenye joto la kawaida la chumba, ila hubeba asilimia 1.4 hivi tu. Tena, utoaji wenyewe hula joto: unga wa metali ulio ndani ya tanki hupoa, na usipopashwa, gesi hupungua wakati injini inaihitaji.

Njia ipo. Mwaka 1997, huko Mülheim, Ujerumani, Borislav Bogdanović na Manfred Schwickardi walionyesha kuwa titani kidogo ikichanganywa na alanati ya sodiamu (mchanganyiko wa kikemia wa sodiamu, alumini na haidrojeni), haidrojeni hutoka kwa urahisi zaidi na kurudishwa tena.

Utafiti wa aina hiyo ndio unaostahili fedha za umma. Tanki lililojaa gesi isiyotoka kwa wakati halimfikishi msafiri popote.