Chuma Kilichotoka Nyotani

Hapo kale wahunzi wa Kishana kule Ugweno, Upare ya Kaskazini, walikusanya mchanga wenye chuma, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe. Tukiulizwa chuma kile kilitoka wapi, hujibu: mlimani. Jibu ni la kweli, lakini halijatimia. Kabla milima haijakuwako, chuma kilifanyika katika nyota.

Nyota iliyo kama Jua letu, ikiisha kuni zake, hubaki kiini tu, nacho ni kaboni na oksijeni. Huitwa nyota kibete nyeupe. Ukubwa wake wakaribia ule wa Dunia, bali uzito wake waweza kulingana na wa Jua zima. Mojawapo ni mwenzi wa Sirius, nyota ing'aayo kupita zote usiku katika anga la Same. Ila macho matupu hayaioni.

Nyota kibete ikiwa peke yake hupoa polepole. Ikiwa na jirani wa karibu, yaweza kumnyonya hewa zake. Au nyota kibete mbili huzungukana hata zikagongana. Uzito ukikaribia mara 1.4 ya ule wa Jua, kaboni yaweza kushika moto. Nyota ya kawaida ikizidi joto hutanuka ikapoa, kama chungu kiinuacho kifuniko. Nyota kibete haitanuki upesi. Moto huzidisha moto, na kwa sekunde chache yote hupasuka.

Mwaka 1006 nyota ya namna hii ilipasuka, na Ali ibn Ridwan wa Misri aliandika habari zake. Wataalamu wametafuta jirani aliyesalia mahali pale, wasimwone. Ndipo wakadhani huenda zilikuwa nyota kibete mbili.

Mpasuko huo hufanya nikeli nyingi, nayo kwa muda wa miezi hugeuka kuwa chuma, kikatawanyika angani. Mavumbi ya nyota za zamani ndiyo yaliyofanya Dunia yetu.

Jua letu halina mwenzi, basi tusihofu. Lakini mwanafunzi aokotaye mavi ya chuma shambani kwa babu yake asiyadharau. Yalipita katika moto mara mbili: moto wa nyota, kisha moto wa mhunzi.