Kupima Joto Lisilopimika: Mkaa, Maji na Sheria ya Hess



Kaboni ikiungua penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Majedwali ya kemia yanasema kwamba mmenyuko huo hutoa kilojouli 110.5 kwa kila moli ya kaboni, yaani kwa kila gramu 12. Wengi wetu tuliikariri namba hiyo bila kuihoji. Lakini haikupatikana kwa kuwasha kaboni na kusoma kipimajoto. Kaboni ukiiwasha, sehemu yake huwa monoksaidi na sehemu huwa dayoksaidi, wala hakuna namna ya kuiamuru yote ikomee kwenye monoksaidi. Jioni hii nataka kueleza namba hiyo ilivyopatikana, na kwa nini inamhusu kila anayepikia mkaa.

Tuanze na kile kinachopimika. Hakuna chombo kinachochungulia ndani ya dutu na kutuambia ina nishati kiasi gani. Tunachoweza ni kukamata badiliko: tunauacha mmenyuko utoe joto lake ndani ya kitu tunachokijua vizuri, kisha tunatazama kitu hicho kimefanywa nini. Kitu hicho mara nyingi ni maji, kwa kuwa tunajua gramu moja ya maji huhitaji jouli 4.18 ili ipande nyuzi 1 ya Selsiasi.

Waliofanya jaribio la taa ya spiriti sekondari wanakumbuka lilivyokuwa. Tuseme umeunguza gramu 1 ya ethanoli chini ya kopo lenye gramu 200 za maji, na maji yakapanda kutoka nyuzi 25 hadi 43. Zidisha 200 kwa 4.18 kwa 18: unapata kama kilojouli 15. Jedwali linasema karibu 30. Mwanafunzi hudhani amekosea kuzidisha, kumbe hesabu yake ni sahihi. Nusu ya joto imepita pembeni mwa kopo ikaenda hewani, imelipasha kopo lenyewe, imeondoka na mvuke, na nyingine haikutolewa kabisa, maana masizi meusi chini ya kopo ni kaboni ambayo haijaungua. Kwa hiyo kazi ngumu ya mpimaji si kusoma kipimajoto. Ni kujua joto ambalo halikukifikia.

Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walilielewa hilo mapema. Katika majira ya baridi ya 1782 na 1783, jijini Paris, walitengeneza chombo chenye kuta mbili zilizojazwa barafu. Joto la kitu kilichowekwa katikati liliyeyusha barafu ya ndani, na maji yaliyotiririka yakapimwa kwa mizani. Barafu ya nje haikuwa ya kupimia. Kazi yake ilikuwa kuzuia joto la chumba lisiingie na kuharibu hesabu. Waliweka humo makaa yanayowaka, na wakati mwingine wakamweka simbilisi hai. Walipolinganisha barafu iliyoyeyushwa na hewa iliyotolewa, waliona kwamba joto la mnyama linakaribiana na lile la kaboni inayoungua na kutoa kiasi kilekile cha hewa hiyo. Wakahitimisha kwamba kupumua ni aina ya mwako wa polepole.

Karne moja baadaye, Marcellin Berthelot, Mfaransa mwingine, aliufungia mwako ndani ya chombo kizito cha chuma kilichojazwa oksijeni kwa shinikizo kubwa na kuzamishwa majini. Kifaa hicho, kalorimita ya bomu, kingali kinatumika maabara kupima nishati ya mafuta na ya vyakula. Kabla ya kupima kitu chochote, tunaunguza humo asidi ya benzoiki safi, ambayo gramu yake moja hutoa kilojouli 26.4. Kwa njia hiyo tunajua chombo chenyewe, pamoja na chuma chake na maji yake, kinameza joto kiasi gani.

Hata hivyo bomu halitupatii ile 110.5, kwa sababu ndani yake, penye oksijeni tele, kaboni yote huishia kuwa dayoksaidi. Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa mwaka 1840 na Germain Hess, mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi Saint Petersburg. Baada ya kupima mimenyuko mingi, alisema kwamba joto linalotolewa kati ya mwanzo na mwisho ni lilelile, mmenyuko ukipita hatua moja au hatua kumi. Anayekwea Kilimanjaro kwa njia ya Marangu na anayepitia Machame, ikiwa wote wametoka Moshi na wote wamefika Uhuru, wamepanda kimo kilekile. Inafaa kukumbuka kwamba Hess aliyasema hayo kabla wanasayansi hawajaikubali kanuni ya uhifadhi wa nishati. Uzito wa ushahidi wake ulitoka kwenye vipimo.

Basi tufanye hesabu. Kaboni ikiungua hadi dayoksaidi hutoa kilojouli 393.5 kwa moli, hilo linapimika. Kaboni monoksaidi tunaweza kuitengeneza kwa njia nyingine, tukaisafisha na kuiunguza peke yake: hutoa 283; hilo nalo linapimika. Toa 283 kwenye 393.5, na kinachobaki ni 110.5.

Sasa iangalieni hesabu hiyo mkiwa mmesimama karibu na jiko. Kaboni inayokomea kwenye monoksaidi imetoa chini ya asilimia 30 ya joto lake. Zaidi ya asilimia 70 imeondoka ndani ya gesi isiyo na rangi wala harufu. Ule ulimi wa buluu unaocheza juu ya makaa mekundu ni monoksaidi iliyopata hewa na kutoa joto lililobaki. Hewa ikikosekana, ulimi hauonekani na gesi huingia chumbani, ambako hujishika na himoglobini ya damu kwa nguvu takriban mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo hewa haba juu ya jiko humnyima mpishi joto alilolinunua, na jiko likiwa ndani ya chumba kilichofungwa humletea sumu.

Liko pia suala la mfuko. Kuchemsha lita 2 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kilojouli 627. Gramu moja ya mkaa mzuri ina takriban kilojouli 30, kwa hiyo gramu 21 zingetosha, nazo ni vipande vichache tu vinavyoenea kiganjani. Hakuna nyumba inayochemsha chai ya familia kwa vipande hivyo. Tofauti kati ya gramu 21 na mkaa unaotiwa jikoni kweli ndiyo eneo la utafiti wetu, na ndiyo sababu jiko lenye kikombe cha udongo ndani huushinda mkebe mtupu wa bati: udongo hupunguza joto linalopotea pembeni.

Nchi zetu sasa zinahimiza nishati safi ya kupikia, na kila muuzaji wa jiko, wa gesi au wa mkaa mbadala anakuja na asilimia zake. Nawaomba wanafunzi wa kemia, na wananchi wote, wamwulize maswali matatu. Joto hilo limepimwa ndani ya bomu au ndani ya sufuria? Lililopotea limehesabiwa vipi? Na gesi zilizotoka zilikuwa zipi, kwa kiasi gani? Anayeweza kujibu yote matatu amepima. Asiyeweza ametangaza bidhaa, na fedha za umma zisitumike kwa tangazo.