Kimo si Kipimo



Nabii Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme, macho yake yalimwangukia Eliabu, kwa sababu ya kimo na sura yake. Mungu akamkataza kupima hivyo. Aliyechaguliwa alikuwa Daudi, kitinda mimba aliyeachwa malishoni, ambaye hata baba yake hakuona haja ya kumwita.

Macho yetu hukosea vivyo hivyo michezoni. Mpira wa kikapu twauhesabu kuwa wa majitu. Mtanzania wa kwanza kuifikia ligi kuu ya Marekani, Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009, ana kimo cha zaidi ya mita 2.2. Lakini Tyrone Bogues, aitwaye Muggsy, mzaliwa wa Baltimore mwaka 1965, ana sentimita 160 tu. Hajapata kucheza mfupi kumshinda katika ligi hiyo. Mwaka 1987 timu ya Washington ilimchukua, akasimama bega kwa kiuno na Manute Bol, Mdinka wa Sudani, mwenye sentimita 231. Baada ya msimu mmoja Washington ikamwachilia, Charlotte ikampokea.

Je, aliishije kati ya majitu? Hakushindana nao juu. Aliudundisha mpira chini kabisa, ambako mikono mirefu huchelewa kufika. Akawapokonya warefu mipira yao. Na zaidi ya yote, akawapa wenzake. Katika misimu 14, pasi zake zilizozaa vikapu zilipita 6,700. Sifa yake kubwa ni vikapu walivyofunga wengine.

Ndugu zangu wa Mafia, mafundi wa Jibondo wanaijua siri hiyo. Mbao za jahazi ni nene na ndefu, lakini kinachozuia maji ni nyuzi za pamba zinazoshindiliwa kati ya ubao na ubao. Ukizipuuza nyuzi hizo, ukubwa wa mbao hautakuokoa.

Sisemi kwamba kila mtoto mfupi atakuwa nyota. Wengi hawatakuwa, na warefu wengi vilevile. Nawasihi wazazi na walimu: msimtoe mtoto mstarini kabla hamjampa mpira, wala msimbandike jina la kejeli atakalozeeka nalo. Nawe uliye mdogo, usingoje kurefuka ndipo utumike. Tazama ni nani karibu yako anayekingoja ulicho nacho, ukampe.

Nawatakieni Dominika njema.