Mfumo wa Kompyuta Ukihama, Rekodi ya Mkazi Isiachwe Nyuma

Nakala ya mada kwa wakazi wa Kitale na Bungoma



Mada ya leo inahusu kazi ambayo wengi hawaioni lakini inagusa mfuko wa kila mtu: kuhamisha mfumo wa kompyuta wa taasisi kutoka mitambo ya zamani hadi mipya. Ndani ya mfumo huo mna kodi ya ardhi iliyolipwa, leseni ya duka, mshahara wa muuguzi na deni la mkandarasi aliyechimba mtaro. Ukihamishwa vizuri, hakuna anayetambua. Ukihamishwa vibaya, mwenye ploti aliyelipa mapema anaitwa mdaiwa.

Kwa nini mifumo huhama

Mfumo wa aina hii una tabaka tatu. Juu kuna programu ambayo karani huiona kwenye skrini. Katikati kuna hifadhidata, yaani daftari kuu lenye majina, tarehe na pesa. Chini kabisa kuna mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux, unaoiongoza mashine yenyewe. Tabaka hizi hutegemeana, na kubadilisha moja mara nyingi hulazimu kugusa nyingine.

Sababu kubwa ya kuhama ni umri. Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows Server 2012 tarehe 10 Oktoba 2023, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. CentOS 7, aina ya Linux iliyotumika katika seva nyingi duniani, ilifika mwisho tarehe 30 Juni 2024. Mashine haizimiki siku hiyo. Huendelea kufanya kazi, ila kitasa kikivunjika hakuna fundi wa kukitengeneza, na wezi wa mtandaoni wanajua.

Mfano wa karibu

Eneo hili lina mfano wake. Mpango wa AMPATH, unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret na vyuo vikuu vya Marekani vikiongozwa na Indiana, ulianza kuwahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI mwaka 2001. Rekodi zake za kwanza za kompyuta zilitokana na mfumo uliotengenezwa kwa programu ya Access katika kituo cha afya cha Mosoriot. Wagonjwa waliongezeka na kliniki zikaenea. Kitale, Webuye na Naitiri ni miongoni mwa vituo vilivyohudumiwa na mpango huo. Daftari la Access likaelemewa. Faili yake moja haiwezi kuzidi gigabaiti 2, na swali jipya la daktari lilimaanisha kuubadilisha muundo wa daftari.

Februari 2006 mpango huo ukahamia OpenMRS, programu huria inayotumia hifadhidata ya MySQL. Humo swali jipya huongezwa kama neno jipya kwenye kamusi, bila kubomoa yaliyopo.

Mambo mawili katika utaratibu huo yanafaa kuigwa. Kwanza, wahudumu walijaza fomu za karatasi na makarani wakaziingiza kwenye kompyuta, kwa hivyo palikuwa na kitu cha kulinganishia. Pili, nambari ya mgonjwa ilikuwa na tarakimu ya ukaguzi mwishoni. Karani akikosea tarakimu moja, kompyuta huikataa nambari yote.

Jambo hilo la pili lina uzito hapa kwetu. Miongoni mwa Wabukusu, majina mengi hufuata misimu: Wafula wakati wa mvua, Simiyu wakati wa kiangazi, Nekesa wakati wa mavuno, Wanjala wakati wa njaa. Wafula Simiyu anaweza kuwa mmoja Kiminini na mwingine Kamukuywa. Rekodi zikiunganishwa kwa jina pekee, deni la mmoja litamwangukia mwenzake.

Onyo kutoka Birmingham

Aprili 2022, halmashauri ya jiji la Birmingham nchini Uingereza iliacha mfumo wa SAP iliokuwa imeutumia tangu 1999 na kuhamia Oracle. Gharama iliyopangwa awali ilikuwa pauni milioni 19. Baadaye makadirio yakafika takriban pauni milioni 100. Majaribio hayakutosha, na mfumo mpya ulikuwa umekatwakatwa ili ufuate taratibu za zamani. Ikawa vigumu kulinganisha pesa zilizoingia benki na zilizoandikwa vitabuni. Septemba 2023 halmashauri hiyo ilitangaza kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake. Madai ya wafanyakazi wanawake kuhusu usawa wa malipo yalichangia sana, lakini mfumo huo nao ulitajwa.

Kaunti nazo

Machi 2013 serikali za kaunti zilirithi kazi na madaftari ya mabaraza ya zamani: Kitale na Nzoia upande wa Trans Nzoia, Bungoma, Webuye na Kimilili upande wa Bungoma. Katika mabaraza ya nchi hii, mfumo uliokuwa ukienezwa kwa mapato na hesabu ulikuwa LAIFOMS. Kaunti zikaingia kwenye IFMIS, ambao umejengwa juu ya programu za Oracle. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinaipa Hazina ya Kitaifa jukumu la kuweka mfumo wa fedha kwa serikali zote mbili. Kwa hivyo uamuzi wa kuhamisha mitambo ya IFMIS hufanyika Nairobi, lakini anayesubiri malipo yuko Kitale au Chwele. Mfumo wa kukusanya mapato, kwa upande wake, uko mikononi mwa kaunti yenyewe.

Maswali ya kuuliza

Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe katika masuala ya fedha za umma. Mfumo ukitarajiwa kuhama, mkazi ana haki ya kuuliza haya:

1. Je, mazoezi kamili yamefanywa kwa nakala ya rekodi halisi, na mara ngapi?
2. Je, jumla zinalingana? Idadi ya ploti, leseni na madeni kabla ya kuhama iwe sawa na baada ya kuhama, hadi shilingi ya mwisho, na mkaguzi wa ndani atie sahihi.
3. Je, mfumo wa zamani utaendelea kusomeka kwa muda gani, na malalamiko yatapokelewa wapi?
4. Je, siku iliyochaguliwa inafaa? Mwisho wa Juni, vitabu vya mwaka vinapofungwa, na miezi ya kwanza ya mwaka, foleni za leseni zinapokuwa ndefu, si nyakati za kujaribu mambo.

Mkazi naye ana wajibu wake. Atunze risiti na asifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Kabla ya mfumo kuhama, aombe taarifa ya akaunti yake, na ahakikishe nambari ya kitambulisho na ya simu ni sahihi. Mfumo ukishahama, aombe taarifa nyingine na azilinganishe. Tofauti ikionekana wiki ya kwanza, huwa rahisi kurekebishwa. Ikingoja miaka mitano, karani aliyejua huwa amestaafu.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la siku hizi liko ndani ya seva, lakini risiti iliyo sandukuni nyumbani bado ni ushahidi.