Katoni ya Mvinyo Mlangoni: Kuonja Kuna Hesabu Yake

Popote ulipo, uwe Likoni unangojea feri, uwe Kisauni dukani kwako, au Changamwe ukirudi kutoka zamu ya usiku, vuta kiti tuzungumze.

Leo twazungumzia mvinyo, au waini kama wengi wetu tunavyouita, ule unaoletwa hadi nyumbani ndani ya katoni yenye chupa za aina mbalimbali. Najua wengi wenu hamgusi kileo, ama kwa sababu ya dini ama kwa hiari yenu. Kiafya, nyinyi mko mahali pazuri kuliko wote. Lakini nawaomba msizime redio. Huenda mpangaji wako, jirani yako au kijana wako anaagiza, na siku mambo yakiharibika usiku wa manane, wewe ndiwe utakayegongewa mlango.

Zamani mvinyo hapa kwetu ulikuwa kitu cha hoteli za watalii na karamu za wakubwa. Mwaka 2020, baa zilipofungwa kwa ajili ya Korona, watu wengi walizoea kuletewa vinywaji nyumbani, na mazoea hayo yalibaki. Mtu hupiga simu, hulipa kwa M-Pesa, na baada ya muda bodaboda au tuktuk iko mlangoni. Ndani ya katoni mna chupa 6 au 12: mwekundu, mweupe, wenye povu, na pengine chupa moja tamu na nzito. Nyingi hutoka Afrika Kusini, Italia, Hispania au Chile. Nyingine hutoka karibu, kama Naivasha hapa Kenya au Dodoma kwa majirani zetu. Marafiki hualikwa Jumamosi, chupa zote hufunguliwa, na kila mmoja huambiwa, "Wewe onja tu."

Neno hilo "onja tu" ndilo linalotuleta hapa leo.

Tuanze mlangoni. Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Si kila kinachotembezwa ni kibaya, lakini kinachokujia mlangoni yafaa ukikague kabla hakijaingia ndani. Apokee mtu mzima, tena asiye mlevi. Usimtume mtoto. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilikataza kumuuzia au kumpa kileo mtu aliye chini ya miaka 18. Nayo sera ya taifa iliyotangazwa Julai 2025 ilipendekeza kuuza vileo mtandaoni na kuvipeleka majumbani kupigwe marufuku. Kwa hivyo anayeagiza ahakikishe muuzaji ana leseni na kwamba biashara hiyo inaruhusiwa.

Toa chupa moja moja kwenye mwanga. Tazama kizibo: kimefunguliwa? Kimevimba au kuvuja? Tazama kiwango cha mvinyo: chupa zote zimejaa sawasawa? Soma karatasi iliyobandikwa: maneno yana makosa ya tahajia, au karatasi imekaa upande? Tazama stempu ya ushuru ya KRA. Ipo programu ya simu iitwayo Soma Label inayokagua stempu hiyo. Chupa yenye shaka irudishe pale pale, kabla dereva hajaondoka, na risiti uiweke.

Kwa nini uangalifu wote huu? Kwa sababu ya sumu inayoitwa methanoli. Hii ni spiriti ya viwandani. Wahalifu huitia katika pombe za bandia ili ziwe kali kwa bei rahisi, na huifanya hivyo zaidi katika pombe kali kuliko mvinyo. Lakini katoni iliyochanganywa huenda ikatiwa chupa ya pombe kali kama zawadi. Nchi yetu imelipa gharama kubwa. Novemba 2000, mtaani Mukuru, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli. Mei 2014 vifo vikatokea tena katika kaunti kadhaa. Februari 2024, kaunti ya Kirinyaga ikazika watu 17. Na jambo la kutisha ni hili: methanoli huwezi kuijua kwa ulimi wala kwa pua. Mwonjaji hodari kuliko wote hataitambua. Usalama wako uko katika mahali uliponunua na katika macho yako, si katika ladha.

Kuna mambo mengine yanayowatia watu hofu bure. Punje ndogo kama chumvi chini ya chupa si sumu, ni chumvichumvi za zabibu zenyewe. Mvinyo wenye ladha ya siki umeharibika, umwage, lakini hiyo siyo methanoli. Joto letu la Mombasa huharibu mvinyo upesi, kwa hivyo katoni isiachwe juani au kwenye buti la gari mchana kutwa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Chukua kalamu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kipimo kimoja cha kileo kuwa gramu 10 za alkoholi halisi. Ili kujua chupa ina vipimo vingapi, chukua mililita, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Jibu ni gramu za alkoholi.

Chupa ya kawaida ya mililita 750, yenye asilimia 13, ina gramu 78, yaani karibu vipimo 8. Hapo ndipo katoni ya mchanganyiko inapomdanganya mtu, kwa sababu chupa hazifanani. Ule mvinyo mtamu wenye povu wa asilimia 5 na nusu una vipimo 3 tu kwa chupa nzima. Mwekundu wa asilimia 14 una zaidi ya 8. Ile chupa tamu na nzito iliyoongezwa pombe kali, inayofika asilimia 20, ina vipimo 12. Utamu wake huficha ukali wake. Mtu aliyezoea mnazi wa mangweni, ambao kwa kawaida ukali wake u karibu na wa bia, akijaza bilauri ile ile kwa mvinyo, atakuwa amekunywa mara mbili au tatu ya alichozoea.

Sasa yule aliyeambiwa "onja tu". Chupa 6 zikifunguliwa, na kila moja akamiminiwa mililita 30, yaani vijiko viwili vya kulia, atakuwa amekunywa vipimo viwili kasoro kidogo. Lakini nyumbani nani humimina vijiko viwili? Wengi humimina mililita 100. Mara 6, hiyo ni mililita 600, na vipimo 6. Ini la mtu mzima huondoa karibu kipimo kimoja kwa saa. Kwa hiyo huyo mwonjaji aliyemaliza saa nne usiku bado ana kileo damuni hadi alfajiri. Kahawa tungu haitakiondoa. Kuoga maji baridi hakutakiondoa, wala madafu, wala ndimu. Ni muda peke yake. Basi funguo za gari na za pikipiki ziwekwe mbali, na dereva aliyekuja na wageni asionje hata tone. Asubuhi yake pia, anayeendesha matatu au anayepanda mashine kazini ajihesabu kwanza.

Wale ambao kazi yao ni kuonja mvinyo, katika mashindano na viwandani, hawaumezi. Hutazama rangi, hunusa, hupiga funda dogo, hulizungusha mdomoni, kisha hutema ndani ya chombo. Si aibu, ndiyo desturi ya kazi yenyewe. Kwa hivyo anayetaka kweli kujua ladha aweke kikombe cha kutemea kando ya kila mtu. Watu wale kwanza, si njugu tu, bali chakula cha kushiba. Maji yawe mezani, bilauri moja ya maji kwa kila ladha. Chupa zifunguliwe mbili au tatu, zilizobaki zingojee siku nyingine. Chupa iliyofunguliwa ikizibwa na kuwekwa kwenye friji hukaa siku kadhaa, haina haja ya kumalizwa usiku ule.

Wako watu ambao hawafai kuonja kabisa. Mama mjamzito ni wa kwanza. Kileo hupita moja kwa moja hadi kwa mtoto tumboni na kinaweza kumharibu ubongo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mama anayenyonyesha, ikiwa amekunywa kipimo kimoja, angoje angalau saa 2 kabla ya kunyonyesha. Anayemeza dawa aina ya metronidazole, ile wengi huita Flagyl, asinywe. Anayetibiwa kifua kikuu asinywe, kwa sababu ini lake tayari lina kazi nzito. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge anaweza kushukiwa na sukari usingizini, na watu wakadhani amelewa tu. Anayetumia dawa za usingizi au za kifafa, na mwenye ugonjwa wa ini, nao wajiepushe. Mwenye pumu asome karatasi ya chupa: dawa ya kuhifadhia mvinyo iitwayo salfaiti yaweza kumbana kifua. Mgeni akikataa, mwenyeji asimshurutishe. Huenda ana sababu ambayo hapendi kuitaja mbele za watu.

Msikilizaji, kuna usemi kwamba mvinyo mwekundu ni dawa ya moyo. Usemi huo usikufanye uanze kunywa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na madhara kwa afya. Tangu mwaka 1988, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliyoko Lyon, Ufaransa, imekiweka kileo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Saratani ya mdomo, ya koo, ya umio, ya ini, ya utumbo mpana na ya matiti zimo. Kileo pia hupandisha shinikizo la damu. Mwenye moyo dhaifu dawa yake iko kwa daktari, haiko katika katoni.

Wageni wakiondoka, usilale kabla ya kumwaga mabaki ya kwenye bilauri. Watoto huamka mapema, na rangi ya mvinyo ni kama ya sharubati. Kiasi kidogo tu chaweza kumshusha mtoto sukari hadi apoteze fahamu.

Sasa dalili za hatari. Methanoli haishiki papo hapo. Mtu hulala vizuri, kisha baada ya saa 12 hadi 24 huanza kuumwa na kichwa na tumbo, kutapika, kupumua kwa kasi, na macho kuona ukungu. Akisema, "Naona kama kuna ukungu," usimwambie ni uchovu wa ulevi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Matibabu yapo: dawa ya kuzuia sumu, na mashine ya kusafisha damu. Anayewahi anaweza kuokoa maisha na macho yake. Wa Changamwe ana Port Reitz karibu, wa Likoni na Kisauni wana hospitali zao za kaunti ndogo, na kutoka huko mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Pwani kisiwani. Kumbukeni, wa Likoni ana bahari ya kuvuka. Kungoja kupambazuke ni kupoteza muda ambao mgonjwa hana. Chukueni chupa iliyonywewa muende nayo.

Aliyezimia mlazeni ubavu, msimpe kitu mdomoni, msimlazimishe kutapika, na asiachwe peke yake.

Na ikiwa katoni zimeanza kuja kila wiki, na mtu hunywa akiwa peke yake, au mikono humtetemeka asipopata, huyo haonji tena. Asiache ghafla peke yake, maana anaweza kupata degedege. Aende hospitali, au apige simu ya bure ya NACADA, nambari 1192. Wa nyumbani wasimcheke wala wasimfiche. Wamsindikize.

Tukumbushane kabla ya kuagana. Kagua chupa kabla dereva hajaondoka. Soma asilimia kabla ya kumimina. Kula kwanza, mimina kidogo, tema. Usiendeshe chombo. Macho yakiona ukungu, hospitali mara moja. Na asiyekunywa asianze kwa sababu ya katoni ya jirani.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia maji ya visima na homa ya matumbo. Hadi hapo, nakutakia afya njema wewe na walio nyumbani kwako.