KOBE WA ALDABRA NA WATU WA CHAGOS

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Nimetakiwa niseme juu ya siasa ya nchi za nje na usalama wa dunia. Najua wako miongoni mwetu wasemao, "Hayo ni mambo ya madola makubwa, sisi watu wa visiwa yatuhusu nini?" Jawabu yangu ni khabari ya visiwa viwili vilivyomo katika bahari hii hii yetu ya Hindi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika ofisi za Jeshi la Maji la Marekani, mtaalamu aitwaye Stuart Barber alikaa na ramani akivichunguza visiwa vidogo vya dunia. Hoja yake ilikuwa hii: makoloni yatapata uhuru, na Serikali mpya huenda zikakataa vituo vya kijeshi vya wageni, basi na vitafutwe mapema visiwa vilivyo mbali, vyenye watu wachache, viwekwe akiba. Kilichopendeza zaidi kilikuwa Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos.

Uchunguzi ule haukubaki karatasini. Tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza iliitenga Chagos na Mauritius, na Aldabra, Farquhar na Desroches ikazitenga na Shelisheli, ikaunda koloni jipya. Mauritius, ambayo haikupata uhuru wake mpaka mwaka 1968, ililipwa pauni milioni 3. Kisha, baina ya 1968 na 1973, wakaazi wote wa Chagos, wazao wa watumwa na wa vibarua wa mashamba ya minazi, walitolewa makwao wakapelekwa Mauritius na Shelisheli. Katika maandishi ya Serikali waliitwa vibarua wa mkataba, ili isisemwe kuwa nchi ile ina wenyewe.

Sasa sikilizeni ajabu. Aldabra nayo ilikusudiwa kujengwa uwanja wa ndege za kijeshi. Lakini mwaka 1967 wataalamu wa Royal Society ya London walisimama kuwatetea kobe wakubwa na ndege wa kisiwa kile. Walikijua kisiwa, na wakaisema elimu yao hadharani. Mwaka ule ule, pauni iliposhushwa thamani, mpango ukaachwa. Mimi siwahusudu kobe. Nasema tu kwamba kobe walipata wachunguzi wa kuwasemea, na wanaadamu wa Chagos hawakupata.

Haki ilipokuja kutafutwa, ilitafutwa kwa elimu hiyo hiyo. Mauritius ilikwenda mbele ya Mahakama ya Kimataifa mjini The Hague na barua na kumbukumbu za Waingereza wenyewe. Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ilitoa rai, majaji 13 kwa 1, kwamba Mauritius haikutolewa katika ukoloni kwa njia ya haki, na kwamba Uingereza imalize utawala wake Chagos. Mei 2025 Uingereza ilitia sahihi mkataba wa kuirejeshea Mauritius visiwa vile, lakini Diego Garcia ikabaki na kituo chake kwa miaka 99. Na wengi wa watu wa Chagos walilalamika kuwa hata safari hii hawakuulizwa.

Wanachama wenzangu, chama cha upinzani kisichochunguza hakina cha kupinga ila kelele. Nataka kila tawi liwe na watu wa kusoma mikataba ya bandari, ya uvuvi na ya ulinzi, na kuuliza kabla ya wino kukauka: Nani anapewa? Kwa muda gani? Wenyeji wameulizwa? Tukingoja tuambiwe, tutauziwa mbuzi ndani ya gunia, na siku ya kulifungua gunia huenda sisi wenyewe tuko melini, tunapelekwa ng'ambo.