Funika uso, usifunike macho

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya baridi ya usoni, ile inayompata mtu akiwa juu ya baiskeli. Najua wewe uliye Dar es Salaam au Tanga utacheka. Kwako baridi ni ile ya soda. Lakini viazi ulivyokaangiwa chipsi jana huenda vilitoka Njombe, na kabla havijapakiwa kwenye lori huenda vilibebwa kwa baiskeli, saa kumi na moja alfajiri, katika kipupwe cha Juni au Julai, umande ukiwa umeganda juu ya nyasi.

Mimi ni mtoto wa huko, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Nilipokuwa na miaka 15 kazi yangu wakati wa likizo ilikuwa kupeleka maziwa mjini. Nilifunga madumu mawili ya lita 20 kwenye keria, moja kila upande, nikaondoka gizani. Mikono niliivisha soksi. Mwili ulikuwa na koti la marehemu babu. Uso haukuwa na kitu.

Asubuhi moja baridi ilizidi, nikachukua kanga ya mama nikajizungushia kichwa chote, nikabakiza macho tu. Kwa muda nilijiona mjanja. Nilipopanda mlima nilihema kwa nguvu, na pumzi ikalowanisha kanga. Nilipoanza kuteremka, ule unyevu ukawa baridi kuliko upepo wenyewe. Nikaivuta kanga kwa mkono mmoja, gurudumu likaingia shimoni, kanga ikapanda machoni. Nilichokumbuka baada ya hapo ni kuwa ndani ya mtaro, dumu moja limepasuka na maziwa yanateremka na maji machafu.

Mama hakunigombeza. Aliifua kanga yake, akaianika. Lakini fedha ya maziwa ya wiki ile ilikuwa ya sare ya dada yangu, na dada yangu alianza muhula akiwa amechelewa. Jambo hilo sijalisahau mpaka leo.

Sasa tuulize, kwa nini uso uumie hivyo wakati mtu anayetembea kwa miguu asubuhi ile ile halalamiki sana? Ni kwa sababu mwendesha baiskeli hujitengenezea upepo wake mwenyewe. Mwili hupasha joto hewa iliyo karibu na ngozi, na upepo huiondoa kila mara. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani na Kanada wanayo kanuni wanayoitumia tangu mwaka 2001. Kwa kanuni hiyo, hewa ya nyuzi 5 za Selsiasi ikikutana na upepo wa kilometa 20 kwa saa, ngozi huiona kama nyuzi 1. Teremka kwa kilometa 40 kwa saa, utakuwa chini kidogo ya sifuri. Maana yake ni kwamba ngozi inapoteza joto haraka, ingawa hewa ya nyuzi 5 haiwezi kuugandisha uso wako. Hatari kwetu ni nyingine. Macho hutoa machozi, njia ikawa ukungu, na mtu akaingia shimoni kama mimi. Na mwenye pumu, hewa baridi inaweza kumbana kifua.

Wakubwa wa mchezo huu nao wamefundishwa na baridi. Tarehe 5 Juni 1988, katika mashindano ya Giro d'Italia, waendesha baiskeli walipanda mlima Gavia huku theluji ikianguka. Johan van der Velde wa Uholanzi alifika kileleni wa kwanza, akiwa na mikono mifupi. Wakati wa kuteremka baridi ilimshinda, akapoteza zaidi ya dakika 40. Andy Hampsten wa Marekani, ambaye timu yake ilikuwa imenunua nguo za baridi mapema, alifika chini wa pili, akaongoza mashindano na mwishowe akayashinda. Mlima ulikuwa mmoja na theluji moja. Tofauti ilikuwa matayarisho.

Matayarisho yetu hayahitaji fedha nyingi. Nenda kwenye mitumba. Nguo zile nyingi zimetoka nchi za baridi, na humo utapata mzula wa sufu na skafu nyepesi. Chagua sufu kuliko pamba, kwa kuwa sufu hata ikilowa pumzi hubaki na joto kidogo. Funika masikio, lakini kwa kitambaa kimoja tu, ili usikie lori linalokuja nyuma. Skafu ifike chini ya pua, pumzi ipate njia. Ncha zake zichomeke ndani ya koti, zisije zikanaswa na gurudumu. Macho yavalishe miwani ya vioo vyeupe. Miwani myeusi alfajiri ni kutafuta ajali. Mafuta mgando huzuia midomo kupasuka, lakini hayaleti joto. Weka kitambaa kikavu mfukoni ubadilishe ukifika kileleni, kabla ya kuteremka. Na gazeti ukishalisoma, likunje uliweke kifuani chini ya koti. Waendesha baiskeli wa Ulaya wamefanya hivyo miaka mingi kwenye miteremko ya milima.

Mwezi Julai nilipokwenda nyumbani, niliyasema hayo yote kwa mpwa wangu, ambaye sasa ndiye anayepeleka maziwa. Nilimletea na mzula mzuri. Akaukunja, akaniambia, "Asante mjomba, lakini nikiufunika uso saa hizo watasema mimi jambazi." Kumbe rafiki yake alikwisha kukalishwa chini na walinzi wa usiku mpaka kukapambazuka, kwa kosa la kuziba uso. Alipoachiwa, wateja wake walikuwa wamekwisha kununua kwa mwingine.

Ndugu msikilizaji, hapo nilikosa jibu la haraka. Walinzi wale nao hawana kosa kubwa. Wezi wapo, na wezi huziba nyuso. Tulikubaliana hivi: akiona watu mbele, apunguze mwendo, ateremshe skafu mpaka kidevuni, aseme "Kamwene" kwa sauti. Jambazi hasimami kusalimia. Siku ya pili alfajiri alitoka amevaa mzula wake.

Ombi langu ni kwa upande wa pili. Wewe unayelinda mtaa, ukimwona kijana mwenye madumu kwenye keria na kitambaa usoni, mwitikie salamu yake kabla ya kumwamuru ashuke. Tazama mzigo wake. Anaukimbiza sokoni, na nyumbani yupo mtoto anayesubiri sare.

Mpaka juma lijalo, panapo majaliwa.